Embe nalo liandikwe?

Nimerudi na kasheshe ya nyumbani kwangu. Safari hii si mambo ya mawifi wala ya simu zinazoita usiku wa manane. Ni embe. Embe dodo moja tu, lililotaka kunivurugia ndoa Januari iliyopita.

Nianze mwanzo ili mnielewe. Mwishoni mwa mwaka mume wangu alikwenda kupima afya, ile ya kazini ya kila mwaka. Akarudi na karatasi, akaiweka mezani bila kusema neno, kama mtoto aliyeleta ripoti mbaya ya shule. Sukari kabla ya kula: 6.3. Daktari alimwambia hicho si kisukari bado, ila si kawaida pia. Chini ya 6.1 uko salama, kuanzia 7.0 ni kisukari, na yeye amekaa hapo katikati. Apunguze mwili, atembee, warudi kuonana baada ya miezi mitatu. Ana miaka 37. Baba yake alikufa kwa kisukari, na alipokufa mguu mmoja ulikuwa umeshakatwa. Usiku ule kila mtu alijifanya amelala.

Mimi nami nilikuwa na langu. Kilo tisa zilizobaki tangu nijifungue, na huyo niliyemzaa sasa yuko darasa la kwanza, kwa hiyo kisingizio cha uzazi kimeshachakaa. Tukapatana: tunaanza pamoja, Januari mosi. Tukaweka kwenye simu programu ya kuhesabu kalori, kila mtu na yake. Yeye akapangiwa 1,900 kwa siku, mimi 1,500. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Saa saba mchana ananitumia ujumbe, "Umebakiwa na ngapi?" Namjibu, naye ananitajia zake, tunachekana. Yaani tulirudi kama enzi za uchumba.

Wiki ya pili nikagundua kwamba hatuhesabu kitu kimoja.

Mwenzangu alikuwa na sheria yake, aliyoipata kwa rafiki yake wa mazoezini: matunda na mboga haviandikwi. "Hivyo vimetoka shambani, havina kosa," anasema. Ugali anaandika, nyama anaandika, hata bia zake mbili za Jumamosi anaziandika kwa uaminifu wote. Lakini akila nusu ya tikiti, simu iko mfukoni. Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa. Nilinunua mzani mdogo wa jikoni, nikawa napima hadi kipande cha nyanya kwenye kachumbari. Kitunguu nacho naandika. Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa ananiangalia kwa huruma, nadhani alishaamua kuwa nimelogwa.

Sasa hiyo Ijumaa, mume wangu kapitia soko la Buguruni akitoka kazini, kaja na mfuko wa maembe. Msimu ulikuwa unaelekea ukingoni, na mnajua embe dodo la mwisho wa msimu lilivyo, harufu tu inafika getini. Baada ya chakula akamenya, akamkatia mtoto, akamkatia dada, akaniwekea na mimi. Nikasukuma sahani. Nikamwambia nimebakiwa na kalori 40 tu.

"Embe nalo unaliandika?"

"Kwani hilo ni maji?"

"Mke wangu, hakuna mtu aliyewahi kunenepa kwa embe."

Hapo ningenyamaza, lakini nani anayanyamazia maneno kama hayo ana njaa? Nikamuuliza, na ile juisi yako ya parachichi ya kila mchana, nayo haina kosa? Akaniangalia. "Kumbe unanihesabia." Mimi nikajibu, yeye akajibu, sauti zikapanda. Katikati ya hayo yote binti yetu akaacha kula, akaweka kipande chake mezani, akauliza, "Mama, na mimi leo nimebakiwa na ngapi?"

Jamani. Miaka 6. Mume wangu aliinuka akaenda kusimama nje, na mimi nikabaki natazama embe la mtoto.

Wiki iliyofuata tukaenda wote wawili kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Nakiri nilikwenda nikitarajia hukumu itoke upande wangu. Nilikuwa nimebeba hadi simu yangu, kumbukumbu zote zimo, gramu kwa gramu.

Mchicha wa kalori 17

Aliipokea simu, akasoma, akafika kwenye chakula cha jioni ya jana yake. Mchicha, gramu 75, kalori 17. Akauliza umepikwaje. Nikajibu kwa kujiamini: gramu 300 za mchicha uliochambuliwa kwa watu wanne, kitunguu kimoja, nyanya mbili. Akasubiri. "Na nini tena, mwanangu?" Na mafuta kidogo. "Kidogo ni vijiko vingapi?" Hapo ikabidi nimpigie simu dada, maana ndiye mpishi. Akasema ni kama vijiko vikubwa vitatu. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, na tui la kwanza kikombe kimoja kilichojaa.

Yule mama akachukua kalamu. Mchicha wote wa sufuria, kalori 70 hivi. Kitunguu na nyanya mbili, tuseme 90. Mafuta, kila kijiko kikubwa 120, kwa hiyo vijiko vitatu ni 360. Kikombe cha tui zito, karibu 550. Jumla inapita 1,000, ukigawa kwa wanne kila mmoja kala kama 270. Mimi nilikuwa nimeandika 17. Mimi, mwenye mzani, ninayepima kitunguu!

Mume wangu alicheka mpaka akatoa miwani.

Lakini ndiyo ukweli wenyewe, na ndiyo sababu nimeamua kuandika haya. Mchicha hauna neno. Asilimia 90 hivi ya majani yale ni maji, na sehemu ya kilichobaki ni nyuzinyuzi ambazo mwili wetu hauna uwezo wa kuzisaga zote. Kabichi ni hivyohivyo, tango, bamia, biringanya, nyanya, pilipili hoho, matembele. Gramu 100 za vitu hivi nyingi zinacheza kati ya kalori 15 na 40. Ili zikunenepeshe zenyewe ungehitaji kula kutwa nzima kama mbuzi. Mafuta ni jambo jingine kabisa. Mkemia wa Marekani aliyeitwa Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, alitupa hesabu ambayo hadi leo ndiyo iliyoko nyuma ya namba za kwenye pakiti: gramu moja ya wanga au protini ni kalori 4, gramu moja ya mafuta ni 9. Kwa hiyo unapopima majani na kuacha kilichomiminwa juu yake, unapima kifungashio na kuacha mzigo.

Halafu akatuuliza swali ambalo sikulitegemea: dumu la mafuta la lita tano mnalimaliza kwa siku ngapi? Mwezi mmoja, nikasema, na nilidhani hapo nimejisifu. Akapiga hesabu: lita tano kwa watu wanne kwa siku 30 ni karibu kalori 340 kwa kila kichwa, kila siku. Mlo mdogo mzima huo, na hakuna aliyeuona sahani gani. Haukuwa kwenye simu yangu wala ya mume wangu. Fanyeni hesabu hiyo nyumbani kwenu leo, haihitaji mzani. Angalia tarehe uliyofungua dumu.

Sikusema muache nazi, mimi ni mtu wa pwani, siwezi kukufuru. Sisi tumebadili hivi: tui zito mara mbili kwa wiki, siku nyingine mchicha unakaushwa kwa kijiko kimoja cha mafuta na kitunguu kingi. Kisamvu cha nazi na karanga kimebaki cha Jumapili, na siku hiyo kinaandikwa kama mlo kamili, kwa sababu ndivyo kilivyo. Na kachumbari liwageni wote, ila mayonezi ikae mbali. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 90 hadi 100, zaidi ya kachumbari lenyewe.

Ndipo ikaja zamu ya juisi. Niliisubiri kwa hamu, nisiwafiche.

Ile juisi ya parachichi anayonunua mume wangu karibu na ofisini ni nusu parachichi, maziwa na sukari. Nusu parachichi, gramu 100 za nyama yake, ni kalori 160. Maziwa nusu kikombe, 75. Sukari vijiko vikubwa vitatu (nilikwenda mwenyewe kumtazama anayetengeneza, msinione mbaya) kama 150. Jumla inakaribia 400, sawa na chupa tatu za soda ya mililita 300. Na kwa siku tano za kazi anakunywa tano. Kila wiki karibu kalori 2,000, siku nzima ya chakula chake, zilikuwa zinapita chini ya jina la matunda.

Sasa hivi hakucheka mtu.

Kutafuna na kunywa

Hapa kuna jambo ambalo wengi tunalichanganya. Chungwa na juisi ya chungwa si kitu kimoja, hata kama hujaongeza sukari. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet jaribio dogo: watu walewale walipewa matofaa kwa namna tatu, mazima, yaliyopondwa, na juisi yake. Juisi ilimalizwa haraka mno, ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko zote, na sukari kwenye damu ilishuka vibaya baadaye. Nyuzinyuzi ndizo zilizokuwa breki, na wewe ukichuja juisi unazitupa pamoja na makapi.

Jaribu mwenyewe. Nunua machungwa ya Muheza yale yanayomenywa kwa kisu barabarani, kaa chini utafune matatu. La tatu utalimaliza kwa uvivu. Lakini yakikamuliwa utayanywa kwa funda nne, utaangalia glasi, utauliza kama kuna nyingine. Glasi ya mililita 250 ya juisi halisi ya chungwa, bila sukari, ina kalori 110 hivi. Soda ya kipimo hichohicho ni kama 105. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake wa sukari mwaka 2015, liliiweka sukari ya juisi kwenye kundi moja na sukari ya kwenye chai, wakati sukari iliyo ndani ya tunda zima haikuwekwa humo. Na mwaka 2013 watafiti wa Harvard walichapisha utafiti uliofuatilia watu kwa miaka mingi: waliokula zaidi matunda mazima walipata kisukari kidogo zaidi, waliokunywa zaidi juisi walikipata zaidi. Utafiti wa kufuatilia hauwezi kuapa kwamba juisi ndiyo sababu, ila kwa nyumba yenye karatasi iliyoandikwa 6.3, sisi tumeshaelewa.

Kwa hiyo mume wangu alikuwa na haki kwenye embe, na hakuwa na haki kwenye juisi. Mimi nilikuwa na haki kwenye juisi, na kwenye embe nilikuwa kituko.

Maana hebu tulitazame na hilo embe. Gramu 100 za embe ni kalori 60. Dodo kubwa, ukitoa kokwa na ganda, linaweza kukupa nyama ya gramu 400, yaani kalori 240. Si kidogo, siwezi kuwaambia ni kidogo. Lakini kipande nilichowekewa mimi usiku ule hakikufika robo. Kalori 60 nilizikataa mbele ya mtoto wangu, halafu, na hili sikumwambia mtu hadi siku ile kwa yule mama, saa nne usiku nikafungua kabati nikala biskuti. Pakiti ndogo nzima. Unajua kwa nini biskuti? Kwa sababu ilikuwa na namba. Pakiti imeandikwa kalori zake, unaandika, roho inatulia. Embe halijaandikwa mahali. Wiki tatu za kuhesabu zilikuwa zimenifundisha kuamini kitu chenye karatasi kuliko kitu kilichotoka mtini.

Yule mama akaniambia si mimi peke yangu, hata wenye biashara ya kupunguza watu mwili walijikwaa hapohapo. Nikafuatilia. Weight Watchers, kampuni iliyoanza New York mwaka 1963, ilikuwa inawapa wateja wake alama za kula kwa siku, na kwa miaka mingi matunda yalikatwa alama kama chakula kingine. Ndizi na pakiti ndogo ya biskuti ziligharimu sawa, na mtu mwenye hamu ya utamu mnajua angechagua nini. Mwaka 2010 walibadili mfumo, matunda karibu yote yakawa sifuri. Si kwamba waligundua ndizi haina kalori. Ndizi ya wastani ina 105 na wanajua. Ila waliona mtu aliyeambiwa ndizi ni bure ataila akashiba, na aliyeshiba kwa ndizi hafungui kabati saa nne usiku.

Kwa hiyo sisi tulitoka pale na utaratibu ufuatao, na nawaambia mapema kwamba ni wa nyumbani kwetu. Mboga za majani na za kachumbari hatuandiki, tunaandika mafuta, tui na karanga. Tunda la kutafuna hatuandiki, hadi matatu kwa siku, liwe chungwa, ndizi mbivu, kipande cha papai, nanasi au hilo embe. Lile kontena la matunda mchanganyiko la barabarani, tikiti na papai kwa wingi, la gramu 300 halifiki kalori 150, ni vitafunio bora kuliko sambusa. Kila kinachonywewa kinaandikwa, hata kama kimetoka kwenye blenda yetu wenyewe. Na parachichi na nazi vinaandikwa, maana hivyo ni mafuta yaliyozaliwa mtini. Ni mafuta mazuri, hasa ya parachichi, lakini parachichi moja kubwa lina kalori 300 na zaidi.

Tende nazo, kwa wale tunaofunga: zile kubwa laini zinapita kalori 60 kila moja. Tatu za kufungulia hazina ubaya, sahani nzima ya kuzungumzia ina ubaya.

Na ndugu zangu wa Bukoba na Moshi, ndizi za kupika si tunda na si mboga. Ule ni ugali wenu. Gramu 100 ni kama 120, sahani yenye gramu 300 ni zaidi ya 350 kabla ya nyama na maziwa ya kwenye mtori. Viazi vitamu, mihogo na magimbi viko hukohuko. Shirika la Afya Duniani linapotuambia tule angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, mihogo na viazi haivihesabu. Na kwa taarifa yenu, gramu 400 hizo si mzigo hata kidogo: mchicha gramu 150, nyanya 100, papai 150, jumla kalori kama 117. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni 120.

Tatizo jingine ni hizo programu zenyewe. Nyingi zimejazwa na watu wa mbali, mchicha wetu unaitwa spinachi, ukitafuta matembele unaletewa kitu kingine, na kisamvu hakijui kabisa. Mnaopenda namba zenu ziwe za hapa, mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Harvard walitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania, na Kenya walitoa ya kwao mwaka 2018. Mimi nilikuwa sijui kama yapo.

Wapo wawili ambao haya yangu hayawahusu. Mwenye kisukari tayari, hasa anayechoma insulini, huyo lazima ahesabu wanga wa kila tunda, na aelekezwe na kliniki yake, si na gazeti. Na wewe ambaye kuhesabu kumeshakuwa ugonjwa: umeanza kukataa mialiko, unaogopa kula chakula ambacho hukukipima, usiku unarudia hesabu kichwani. Wewe weka simu chini, na ukamwone mtu. Nilikuwa nimeanza kuelekea huko, wiki tatu tu, na sikujua.

Kwenye gari tukirudi hakuna aliyewasha redio. Tumefika mataa ya Mwenge, foleni imekaza, mume wangu akasema, "Lakini ungeniambia tu juisi ni mbaya. Kwa nini unanihesabia kimyakimya kama mwizi?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba sikuwa nahesabu juisi. Kila nikimuona anakunywa namuona baba, siku ile tulipokwenda kumuona wodini na shuka limelala tambarare mahali mguu ulipotakiwa kuwa. Kwamba binti yetu hajafika hata miaka 10. Kwamba naogopa, na mtu anayeogopa anashika kitu chochote kilicho karibu, mimi nikashika mzani.

Alikaa kimya hadi taa zikaruhusu. Halafu akasema naye anaogopa, ndiyo maana hataki kuandika. Akiandika kila kitu anajiona mgonjwa. Akiacha matunda bila kuandika anajiona mtu mzima wa kawaida ambaye kaamua tu kupungua.

Hilo sikuwahi kulifikiria. Miaka tisa ya ndoa, na mtu wangu sikumjua hapo.

Mezani sasa hakuna simu, na hakuna kutaja namba mtoto akiwepo. Ilimchukua muda. Kwa wiki nzima alikuwa anauliza kabla ya kula tunda, na kila akiuliza mume wangu anamjibu, "Kula mpaka ushibe, mama." Siku aliyokula embe lote na kokwa akalifyonza hadi likawa na nywele nyeupe, nilikwenda chumbani nikalia kidogo, nikarudi.

Aprili alirudia kipimo. Sukari 5.8, kapungua kilo tano, na mimi tatu na nusu. Daktari amesema ni habari njema lakini arudi tena Oktoba, na kutembea jioni kusiachwe. Juisi ya parachichi ameiacha siku za kazi, anakula parachichi lenyewe kwa kijiko, na chumvi. Hapo ndipo tunapogombana bado. Mimi nasema alichokula ni nusu, yeye anaapa ni robo, na lile kokwa, anasema, limechukua nafasi kubwa.